Jiko Lililonyweshwa Kombe

Mwanajuma binti Feruzi hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu tu ameambiwa. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje kuhakikisha, kisha akuulize wewe uliamka saa ngapi hata ukaliona kabla yake. Mtaa wa Ng'ambo ulimjua hivyo, na kwa kuwa maharage yake yalikuwa matamu kuliko ya mpishi mwingine yeyote pale Tabora, mtaa ulimsamehe. Saa sita mchana vijana wa karakana ya reli walijipanga kwenye mabenchi yake mawili, wakala, wakalamba vidole, wakaenda zao bila kuulizana habari za tabia ya mama.

Maharage hayo aliyapika kwenye jiko la vumbi la mbao, kwa kuwa mwaka ule wa sabini na nne mkaa ulikuwa umepanda bei hata wenye mishahara wakaanza kuuhesabu punje punje. Jiko lenyewe lilikuwa kopo kubwa la samli, la bati zito, lenye tundu moja chini ubavuni. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha fimbo kwenye tundu la chini hata iguse kitako cha chupa, kisha unajaza vumbi kuizunguka na kulishindilia kwa mchi. Ukimaliza unachomoa fimbo, unaizungusha chupa polepole na kuitoa, na jiko linabaki na koo: hewa inaingia chini, moto unapanda katikati. Likishindiliwa sawasawa, huivisha chungu cha maharage tangu asubuhi hadi adhuhuri bila mtu kulipuliza.

Nyumbani alikaa na mkaza mwanawe. Mussa, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli huko upande wa Kaliua, akirudi kila mwisho wa mwezi. Miezi michache nyuma alirudi na habari kwamba ameposa Lusu, kule Nzega, binti wa mzee Masolwa, jina lake Zamda. Mwanajuma alikuwa amemweka akilini binti wa watu wa Ng'ambo tangu Mussa yuko chuoni anasoma juzuu. Lakini mahari ilikwisha pokelewa, akanyamaza. Kunyamaza kwa Mwanajuma si kuridhika, ni kuweka akiba.

Zamda alikuja na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kukaushwa juani, na baada ya muda si mrefu akawa mjamzito. Alikuwa mpole, mwepesi wa kazi, mzito wa maneno. Shikamoo yake ilikuwa ya magoti. Mama mkwe mwingine angemshukuru Mungu. Mwanajuma alijiuliza, mtu asiyesema anaficha nini?

Basi mwezi wa Julai, kiangazi kikavu ambacho hata mate hukauka mdomoni, jiko likaanza kufuka. Si moshi wa kuwashia, ule wa dakika mbili tatu. Ulikuwa moshi mzito wa rangi ya manjano, unaong'ang'ania dari na kuingia ndani ya maharage. Vijana wa karakana wakaanza kunusa vijiko vyao.

"Mama, leo umetupikia au umetufukiza?" mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka.

Mwanajuma hakucheka. Siku ya pili alijifunga kanga akaenda kwa Popatlal, mwenye ghala la mbao, ambako alichukua vumbi kila wiki.

"Umeanza kunipa vumbi la mti gani, Popatlal?"

"Mninga ule ule, Mama Mussa. Njoo, ingiza mkono."

Akauingiza hadi kwenye kiwiko. Vumbi lilikuwa kavu. Akalinusa, akalisugua kati ya vidole, akalitazama juani. Halikuwa na kosa lolote. Alitoka bila kuaga, maana mtu asiye na kosa naye anatia shaka.

Wa pili kushukiwa alikuwa Saidi, fundi bati aliyelitengeneza lile kopo. Saidi alikuja, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu la chini, kikatoka na majivu yaliyogandamana kama ugali wa jana.

"Mama, jiko lako limezibwa pumzi. Kila asubuhi kabla ya kujaza, komba majivu haya. Na tundu lenyewe ni dogo."

Akalipanua kwa tindo, akalitengenezea kijimlango cha bati cha kusogeza, kisha akaongeza vyuma vitatu juu ili chungu kinyanyuke upana wa kidole, moto upate pa kutokea. Akamfundisha. Wakati wa kuwasha, fungua mlango wote. Koo la jiko likiwa jekundu, rudisha nusu. Ukiona moshi, ongeza hewa. Ukiona cheche na majivu yanaruka, punguza.

"Siku tatu nne litakusumbua, mpaka mzoeane," alisema Saidi, akikusanya vyombo vyake.

"Na kama halitanizoea?"

"Mama, hilo ni bati."

Lakini kusubiri siku tatu nne hakukuwa kazi ya Mwanajuma. Siku ya kwanza jiko lilifuka kidogo, na kesho yake alfajiri, alipotoka kutia udhu, aliona jambo lililomkata maini. Zamda alikuwa uani amepiga magoti mbele ya gunia la vumbi, ungo mkononi, akilipepeta vumbi la mbao kama mtu anavyopepeta mtama, huku akiimba kwa sauti ya chini, kwa Kinyamwezi. Vipande vya mbao vilikuwa vikiruka pembeni na vumbi laini likibaki.

"Unafanya nini?"

"Shikamoo mama. Natoa makapi, mama. Likiwa na vipande halishikamani vizuri."

Mwanajuma hakuitikia hata marahaba. Nani aliyemtuma? Nani hupepeta vumbi la mbao, tena kabla ya adhana, tena kwa wimbo? Maneno ya Kinyamwezi aliyajua, hakuwa mgeni Tabora. Lakini haya yaliimbwa chini chini mno, na neno lisilosikika lina nafasi ya kubeba chochote.

Jirani yake alikuwa Tatu, mwanamke ambaye ukimpa uzi anakurudishia shuka. Walipakana ukuta kwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mfupi. Aliposimuliwa habari za ungo, alishika kidevu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shoga. Popatlal si yeye, Saidi si yeye. Amebaki nani?"

Mchana ule ule Mwanajuma akaenda kwa Maalim Nassibu, mwalimu wa chuo, ambaye mwandiko wake wa kombe ulisifiwa hadi Sikonge. Huandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, akaziosha kwa maji safi, na maji yale akayatia kwenye chupa kwa ajili ya mgonjwa. Mwanajuma aliona haya kumwambia kwamba anamshuku mke wa mwanawe. Maalim hakupenda maneno hayo.

"Mgonjwa ni nani?" aliuliza Maalim.

"Wa nyumbani."

"Anaumwa nini?"

"Kifua. Anatoa pumzi kwa shida, hasa asubuhi."

Katika hayo yote hakuna alilosema uongo, na ndivyo alivyojifariji njia nzima ya kurudi. Maalim alimwambia mgonjwa anywe asubuhi na jioni, siku saba, kwa nia safi. Sasa jiko halina mdomo, ila lina chakula chake. Mwanajuma alifungua gunia, akamimina kombe juu ya vumbi, akachanganya kwa mkono huku akisoma alichokijua kwa moyo. Asubuhi akamimina, jioni akamimina. Chupa ilipokwisha alirudi kwa Maalim kuchukua nyingine.

Jiko likafuka. Ee, lilifuka! Moshi ulijaa uani, ukavuka ukuta, ukaingia kwa Tatu, ukatoka barabarani hata watu wakauliza kama kuna nyumba inaungua. Mwanajuma akafungua kile kijimlango cha Saidi, akakifunga, akakifungua tena. Hakuna lililosaidia. Akaenda kumfokea Saidi, na Saidi akaapa kwamba jiko ni zima na mtu aangalie anachokitia ndani.

"Umesikia?" alisema Tatu. "Hata fundi anajua kuna kilichotiwa ndani."

"Lakini namimina kombe kila siku."

"Ndiyo maana linafuka hivyo! Dawa inapigana na uchawi. Ukiona vita imekuwa kali, ujue adui yuko karibu."

Kwa hesabu hiyo moshi ukawa ushahidi, na kadiri moshi ulivyozidi ndivyo Mwanajuma alivyozidisha kombe. Zaidi ya hayo, Zamda alianza kukataa chakula. Maharage hakuyagusa, wala chochote kilichopikwa kwenye lile jiko. Alikula michembe yake kavu mlangoni pa chumba chake, akinywa maji aliyoyachota mwenyewe. Na mara mbili Mwanajuma alimkuta akichota vumbi kutoka kwenye gunia na kulimwaga nyuma ya choo.

"Anayejua kilichomo ndani ya chungu ndiye asiyekila," Tatu alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mwanajuma aliamini jambo kwa sababu tu ameambiwa.

Mwisho wa mwezi Mussa akarudi. Hata hakuvua viatu. Mama yake alimweleza kila kitu, wapishi wengine walivyochukua wateja wake, ungo wa alfajiri, vumbi lililomwagwa nyuma ya choo, chakula kilichokataliwa. Zamda alisimama mlangoni akisikiliza, mkono juu ya tumbo.

"Ni kweli ulimwaga vumbi?" Mussa alimwuliza.

"Ni kweli."

"Kwa nini?"

Zamda alimtazama mama mkwe wake, akainamisha macho. Mussa aliuliza tena na tena, mpaka sauti ikampanda, na bado mkewe hakujibu.

"Chagua," Mwanajuma alisema. "Jiko moja halipikiwi na wawili wasioaminiana."

Kesho yake Mussa alimpeleka mkewe stendi, akampandisha basi la Nzega. Alisema ni kwa muda, mpaka mambo yatulie. Zamda aliondoka na kikapu chake, na neno pekee alilomwachia Mwanajuma lilikuwa shikamoo, kama siku zote.

Baada ya adui kuondoka hakukuwa na haja ya dawa tena. Mwanajuma aliiacha chupa rafuni, gunia likabaki wazi juani. Siku ya kwanza jiko lilifuka nusu. Siku ya tatu, asubuhi, aliwasha, akafungua mlango wote, akasubiri koo liwe jekundu, akarudisha nusu kama alivyofundishwa na Saidi. Mwali ulisimama katikati, safi, hauna hata uzi wa moshi. Maharage yakaiva kabla ya saa tano.

Tatu alipiga vigelegele ukutani. Mtaa ukaja kutazama. Mabenchi yakajaa tena, na kila aliyekula alipewa na hadithi: mchawi kaondoka, moshi umekwisha. Habari ilipanda basi lile lile la Nzega, ikashuka Lusu pamoja na abiria. Mussa, aliporudi kazini, alikuta imeshafika Kaliua. Akatuma salamu kwa mfanyakazi mwenzake: mwisho wa mwezi huu atakwenda kwa kadhi kuandika talaka.

Mwanajuma hakufurahi kama alivyotarajia, lakini alijiambia kwamba huo ni uchovu. Akachukua kuku mmoja na kibuyu kidogo cha asali, akaenda kumshukuru Maalim.

"Mgonjwa wako amepona?" Maalim aliuliza, akipokea kuku.

"Amepona kabisa, Maalim. Hakohoi tena."

"Alhamdulillahi. Alimaliza chupa zote nne?"

"Tatu na nusu. Ya nne sikuihitaji. Tangu nilipoacha kummwagia ndipo alipopona."

Maalim akamweka kuku chini.

"Kummwagia? Kombe lanywewa, bibi. Ulimmwagia nani?"

Hapo Mwanajuma, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, kwamba mgonjwa alikuwa jiko. Maalim Nassibu midomo ilimcheza, kisha akacheka hata machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo ulichukua vumbi kavu la Popatlal, ukalimwagia maji asubuhi na jioni kwa majuma karibu manne, halafu ukashangaa kwamba halishiki moto."

"Yalikuwa na aya, Maalim."

"Aya nimeziandika mimi na nina yakini nazo. Maji ni maji. Na nini kilikutuma ulinyweshe jiko dawa?"

Maalim alilisoma jibu usoni mwake, maana alikwisha sikia ya mtaani. Akasema baadhi ya dhana ni dhambi, na kwamba kuku amrudishe, yeye hali malipo ya namna hiyo.

Mwanajuma alifika nyumbani, akafunga mlango wa uani. Alichota vumbi kavu akalishindilia, akawasha: mwali safi. Akalimwaga, akachukua jingine, akalirashia maji ya mtungini, maji matupu yasiyo na herufi hata moja, akashindilia, akawasha. Moshi wa manjano ukapanda darini, ule ule, harufu ile ile. Akakaa chini pale pale kwenye majivu. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja hofu, kwa sababu alikumbuka kwamba kule Usukumani na Unyamwezini mwanamke akishapewa jina hilo, jina halimwachi. Wapo waliolichukua hadi kaburini, na si kwa kufa kwao wenyewe.

"Nani anajua zaidi yako na Maalim?" Tatu alimwuliza alipoelezwa, akichungulia juu ya ukuta. "Maalim hasemi ovyo. Jiko lako linawaka, wateja wamerudi, mwanao ni kijana. Yaache yapite."

Kwa usiku mmoja Mwanajuma aliyaacha yapite, nayo hayakupita. Asubuhi alimpa ujumbe mtu wa reli ampelekee Mussa, kwamba asiandike chochote kwa kadhi mpaka asikie kwa mama yake. Akafunga jiko kwenye kanga, akachukua nusu gunia la vumbi, akapanda basi. Utingo aliuliza mama anakwenda kupika wapi. Alimwambia ashike kazi yake.

Kijiji cha Masolwa hakikuwa tena pale alipokiona wakati wa harusi. Operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye mstari mmoja kando ya barabara, upande wa Lusu, kiwanja kwa kiwanja, hatua thelathini kila kimoja. Nyumba nyingi zilikuwa bado fito na udongo mbichi. Zilifuatana kama watu katika foleni ya sukari. Moja tu ilisimama peke yake, kiwanja kitupu kushoto na kiwanja kitupu kulia, vigingi vimekwisha chomekwa na hakuna aliyejenga. Mwanajuma hakuhitaji kuuliza ya nani.

Zamda alikuwa mlangoni akitwanga. Tumbo lilikuwa kubwa sasa na uso umekonda. Alimwona mama mkwe wake anashuka na mzigo, akauacha mchi ndani ya kinu.

"Shikamoo mama," alisema, lakini hakusogea kumpokea mzigo.

Mzee Masolwa alitoka nyuma ya nyumba, udongo umemfika viwikoni.

"Umekuja kumalizia?" aliuliza. "Jina ulilomtuma nalo lilitosha. Hapa watu wamehamishwa kwa nguvu wakae pamoja, nao wamekubali, ila kukaa na sisi wamekataa. Mwanangu akienda kisimani, wengine wanarudi na ndoo tupu."

Mwanajuma alipiga magoti. Alikuwa mtu mzima, na magoti hayakumtii vizuri, lakini aliyapiga, mbele ya binti ambaye yeye alimzidi miaka thelathini. Akasimulia yote, ya kombe, ya maji matupu, ya Tatu. Hakuruka hata lile la kukaa kimya usiku mmoja.

Zamda alisikiliza hadi mwisho, kisha machozi yakamtoka, na Mwanajuma akadhani ni ya kusamehe.

"Mama, mimi nilikuona," alisema. "Kila jioni ulikuwa unamwaga maji mekundu kwenye gunia unanong'ona. Nilijua ni dawa ya kumtoa mtoto huyu, kwa sababu hukunitaka. Ndiyo maana sikula. Ndiyo maana nililimwaga lile vumbi. Mussa aliponiuliza, ningemwambiaje kwamba mama yake ni mchawi? Nilinyamaza kwa ajili yake."

Maneno yale yalimwingia Mwanajuma pabaya kuliko yote aliyosikia maishani. Mwezi wote ule walikuwa wameogopana, mmoja upande huu wa jiko, mwingine upande ule, na mwenye adabu zaidi ndiye aliyefukuzwa.

"Nipelekeni kwa balozi," alisema. "Nataka watu wote."

Balozi wa nyumba kumi alikuwa Kornel, mwanamume mwembamba mwenye daftari lisilomtoka kwapani. Aliwaita watu mbele ya nyumba ya Masolwa, nao wakaja, wakasimama mbali. Mwanajuma alisema yote kwa mara ya pili, kwa sauti, kisha akafungua jiko. Alishindilia vumbi kavu mbele yao, akachomoa chupa, akawasha, akawaonyesha mlango, hewa nyingi, hewa nusu. Mwali ukasimama wima. Akaomba maji kutoka mtungi wowote wapendao wao wenyewe. Akarashia, akawasha tena, na moshi ukawafuata hadi waliposimama, wakakohoa.

"Mnaona?" alisema. "Mchawi wa jiko hili alikuwa mimi na kata ya maji. Huyu hana kosa. Kosa lake ni kupepeta vumbi langu ili liwake vizuri."

Zamda naye akasogea mbele na kusema la kwake, kwamba hata yeye alimdhania mama vibaya, naye anaomba radhi. Vijana kadhaa waliitikia kwa kichwa. Mmoja alitaka kujua kopo kama lile linapatikana wapi. Kornel aliandika kitu daftarini.

Ndipo Bernadeta, mama mzee ambaye kiwanja cha kulia kilikuwa chake na alikataa kukijenga, akajipenyeza hadi mbele. Alilitazama jiko, akawatazama wale wanawake wawili.

"Mimi nimesikia vizuri," alisema. "Huyu alimwita huyu mchawi. Huyu alimwita huyu mchawi. Leo wamepatana. Jamani, wachawi wakigombana tunapona. Wakipatana je?"

Watu walirudi hatua mbili nyuma, hata wale vijana. Kornel alikuna kichwa kwa kalamu. Zamda aliinama kana kwamba amepigwa. Mwanajuma alihisi hasira ikimpanda, kisha ikashuka yenyewe, maana alimtazama Bernadeta na kumtambua. Lile jicho lililokodolewa, ule mdomo uliobana, ile akili inayogeuza kila ushahidi ukafuata njia yake: ndivyo alivyokuwa yeye jana na juzi, na hakuna mtu ambaye angembadilisha kwa maneno.

"Balozi," alisema, "viwanja hivi viwili vitupu vina mwenyewe?"

"Kimoja ni cha mama huyu. Hakitaki. Cha kushoto hakina mtu. Na wakubwa wanakuja mwisho wa mwezi, wanataka waone mstari umejaa."

"Basi nipimie mimi cha kulia, huyu mama umpe kwingine anakotaka. Kama mnataka mchawi akae na mchawi, shida yenu imekwisha. Nitakaa hapa mpaka mjukuu wangu azaliwe, na baada ya hapo tutaona. Anayetaka kujua ninachokitia jikoni aje kila asubuhi atazame."

"Mama, wewe ni mtu wa mjini," Kornel alisema. "Hapa kila mtu ana zamu ya shamba."

"Nitapika. Wanaolima hawali?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi, cha kujisahau. Bernadeta hakucheka. Kornel alifungua daftari, akafuta jina moja, akaandika jingine, kisha akatoa kamba ya kupimia mfukoni na kutazama huku na huku nani amshikie ncha ya pili. Hakuna aliyejitokeza. Masolwa alikuwa bado anafuta udongo mikononi.

Zamda aliichukua ile ncha. Mwanajuma akamkemea kwamba kwa hali yake asiiname, na Zamda hakumsikiliza. Alitembea nayo hadi kwenye kigingi, akakitazama, akakipita, akakaribia nyumba ya baba yake hatua nne zaidi ya pale serikali ilipoweka mpaka.

"Huko si sawa," Kornel aliita. "Mstari unaanzia kwenye kigingi."

"Andika hapa," Zamda alisema. Akamgeukia Mwanajuma. "Sogea huku, mama. Huko mbali sitakusikia ukiniita."